Kutoka meza ya mashtaka hadi meza ya utetezi

Mtumishi wa halmashauri mjini Kibaha au kiongozi wa chama cha ushirika wilayani Kisarawe anaposhtakiwa kwa uhujumu uchumi, ndugu zake huanza kwa kuuliza kama atapata dhamana. Suala la hatia huja baadaye. Ndipo hutafutwa wakili aliyewahi kuwa upande wa Jamhuri.

Sababu imo katika Sheria ya Kuzuia Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupangwa ya 1984. Chini yake, kesi haisikilizwi bila kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP), na mahakama ya chini huisikiliza pale tu DPP anapotoa hati ya kuiruhusu. Aidha, kwa miaka mingi, thamani ya mali iliyotajwa ilipofika shilingi milioni 10, dhamana iliombwa Mahakama Kuu. Kwa mshtakiwa wa Kibaha, hiyo ilimaanisha safari ya kilomita 40 hivi hadi Dar es Salaam, naye akisubiri mahabusu.

Sharti jingine ni kuweka fedha taslimu au hati ya mali yenye thamani ya nusu ya kiasi kinachodaiwa. Wakili aliyezoea kuandika hati za mashtaka hukumbuka haraka kwamba nusu hiyo hugawanywa miongoni mwa washtakiwa walioshtakiwa pamoja. Familia ya kawaida haiwezi kulijua hilo, na huenda ikauza shamba bila sababu.

Zamani mashtaka katika mahakama nyingi za wilaya yaliendeshwa na askari polisi. Sheria ya Usimamizi wa Mashtaka ya 2008 iliipa ofisi ya DPP mfumo wake na kuharakisha kazi hiyo kukabidhiwa mawakili wa serikali. Hapo ndipo vijana wengi waliohitimu sheria hujifunza kusoma jalada la upelelezi: wapi mkaguzi wa hesabu alikisia, wapi shahidi hakuhojiwa, kibali kilisainiwa lini. Ujuzi huohuo, upande wa pili wa chumba, hugeuka silaha ya utetezi.

Hata hivyo, wakuu wa mashtaka wenyewe mara nyingi huelekea kwingine. Eliezer Feleshi, DPP kuanzia 2008, aliteuliwa kuwa jaji mwaka 2014, na baadaye akawa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mrithi wake, Biswalo Mganga, naye aliteuliwa kuwa jaji mwaka 2021.

Dk. Edward Hoseah alipita njia tofauti. Aliongoza TAKUKURU hadi Desemba 2015, Rais John Magufuli alipomwondoa. Mwaka 2021 mawakili walimchagua kuwa rais wa Chama cha Mawakili Tanganyika (TLS). Mtu aliyewahi kuongoza chombo cha kuchunguza rushwa akawa msemaji wa chama cha wale wanaowatetea watuhumiwa. Wapo waliolipokea kwa mshangao, lakini wanasheria wanajua kwamba upande wa kesi si imani ya dini.

Kazi ya utetezi ilibadilika zaidi mwaka 2019, sheria iliporuhusu mshtakiwa kukubaliana na mwendesha mashtaka kabla ya hukumu. Septemba mwaka huo, DPP alimkabidhi Rais taarifa ya watuhumiwa 467 waliokuwa tayari kurejesha shilingi bilioni 107.8. Kwa kuwa utakatishaji wa fedha hauna dhamana, na Mahakama ya Rufani iliubakiza msimamo huo Agosti 2020, mazungumzo hayo hufanyika huku mmoja akiwa ofisini na mwingine rumande. Wakili asiyejua jinsi ofisi ya mashtaka inavyopima ushahidi wake yenyewe humshauri mteja akiri mapema mno, au akatae akiwa amechelewa.

Upo mpaka usiovukwa: aliyelishika jalada akiwa wakili wa serikali hawezi kumtetea mshtakiwa wa jalada hilohilo. Katika wilaya kama Kisarawe, ambako sura za mahakamani ni zilezile, mteja anayo haki ya kuuliza hilo siku ya kwanza, kabla hajatoa malipo.