Kujaza risasi kwa mkono: kwa nini walenga shabaha hupima baruti kwa miligramu?

Katika mashindano ya kulenga shabaha kwa bunduki nchini Marekani, wapo wapigaji wengi wasiotumia risasi za dukani. Huokota maganda waliyokwisha kuyatumia na kuyajaza upya, moja baada ya jingine. Wanachotafuta ni kimoja: risasi zote zifanane.

Sehemu nne za risasi

Risasi nzima ina ganda la shaba, fataki ya kuwasha moto kwenye kitako, baruti ndani ya ganda, na kichwa kinachoruka kwenda kwenye shabaha. Ganda pekee ndilo hutumika tena.

Kazi inavyofanyika

Kwanza fataki iliyokwisha hutolewa na ganda husafishwa. Kwa kuwa mlipuko hulitanua, ganda hubanwa katika kalibu ya chuma lirudi kwenye umbo lake. Likiwa limerefuka, hupunguzwa mdomoni. Kisha hupachikwa fataki mpya, hutiwa baruti iliyopimwa, na mwisho kichwa husukumwa ndani kwa kina kilekile kila mara.

Kipimo cha baruti ni greni. Greni moja ni kama miligramu 65, na mizani ya kazi hii husoma hata sehemu ya kumi ya greni.

Kwa nini wajisumbue hivyo?

Katika mashindano ya F-Class ya yadi 1,000, sawa na mita 914, duara la pointi 10 lina upana wa sentimeta 25 hivi. Risasi moja ikitoka polepole kuliko mwenzake kwa mita 10 tu kwa sekunde, inaweza kuanguka chini ya duara hilo, hata kama mlengaji hakutikisika.

Kwa umbali mfupi, risasi ya 6mm PPC, iliyobuniwa na Louis Palmisano na Ferris Pindell miaka ya 1970, imekuwa maarufu sana. Wapigaji hodari hupiga risasi tano kutoka yadi 100, na matundu yake huingiliana yakaonekana kama tundu moja.

Hatari iko wapi?

Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa paundi 30 hivi. Ndani ya bunduki ya .308 Winchester, kiwango cha juu kinachokubaliwa Marekani ni paundi 62,000 kwa kila inchi ya mraba, uso ukiwa sentimeta chache kutoka hapo.

Tena baruti za aina mbili zinaweza kufanana kwa macho, lakini moja huungua haraka zaidi. Ukikosea aina, bunduki inaweza kupasuka. Ndiyo maana wazoefu hufuata vitabu vya vipimo vya watengenezaji, huweka kopo moja tu la baruti mezani, na huvaa miwani ya kinga.

Wenye magobore wajue hili pia. Gobore limetengenezwa kwa baruti nyeusi. Baruti inayotolewa kwenye risasi ya kisasa si mbadala wake: huongeza nguvu kupita kiasi na inaweza kupasua mtutu mkononi mwa mwindaji.

Nchini Tanzania na Kenya, kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai. Ukiokota risasi nzima shambani au porini, usiifungue wala kuigonga. Iache hapo, zuia watoto wasiikaribie, na utoe taarifa polisi.