Ujumbe wa Ayari Ufikapo Chole

Kabla ya mwaka 2008, mwana wa Chole, wilayani Kisarawe, aliyekuwa akichuma riziki Dar es Salaam, alipotaka kumpelekea mamaye fedha ya unga na dawa, aghalabu aliitia katika bahasha akamkabidhi dereva wa gari la Kisarawe, au jamaa aliyekuwa akirejea shamba, na amana ile ikasalimika kwa kuwa mpelekaji, mjumbe na mpokezi walijuana kwa sura na kwa nasaba. Mwaka huo Vodacom ilipoileta M-Pesa nchini, baada ya Safaricom kuianzisha Kenya mwaka 2007, fedha ikaanza kusafiri kwa nambari, na ayari asiye na sura wala nasaba akapata nafasi ya kujipenyeza kati yao.

Hila yenyewe ni kongwe kuliko simu. Katika karne ya 19 watu wa Ulaya na Marekani walipelekewa barua za mfungwa wa Hispania, mtu wa kubuni aliyedai kuwa na mali iliyofichwa, na kwamba atakayemgharimia kutoka kifungoni atapata fungu. Na katika miaka ya 1980 barua za jinsi hiyo zikatoka Nigeria, hata kifungu cha 419 cha sheria ya jinai ya nchi hiyo kikawa jina la ulaghai huo duniani.

Kwetu ayari hakuhitaji hazina. "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litatokea la fulani": maneno haya machache, yakipelekwa kwa umati bila kuchagua, hutegemea kwamba yupo mmoja aliyekwisha shika njia ya kwa wakala kulipa deni, na hiyo habari ya jina ndiyo ustadi wake, maana mtambo humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla fedha haijaondoka, naye ayari ameshaijibu shaka kabla haijaulizwa.

Lakini ujumbe wa mwenye nyumba adaiye kodi ukimfikia mzee aishiye katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, au wa mwalimu asemaye mtoto ameanguka shuleni ukimfikia asiye na mtoto, husomwa kwa sauti barazani na watu wakacheka. Wazaramo, wenyeji wa Kisarawe, wana utani wa jadi na Wanyamwezi na Wasukuma, utani unaomruhusu mtu kumkebehi mwenziwe hata msibani, na kwa maoni yangu urithi huo ni ngome yenye nguvu, kwa kuwa ayari hutaka haraka na siri, na ujumbe uliokwisha kusomwa mbele ya watu umepoteza vyote viwili.

Serikali nayo ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, ikaanza kusajili laini kwa alama za vidole mwaka 2019, na Januari 2020 ikaanza kuzizima zisizosajiliwa. Hata hivyo wapo waliobonyeza *106# kuhakiki usajili wao wakakuta laini wasizozijua zimesajiliwa kwa vidole vyao.

Kicheko ni halali juu ya ujumbe. Juu ya mama aliyekwisha kutuma akiba yake ni dhuluma, maana aibu humfunga kinywa, asiwaambie wanawe wala asiipeleke nambari ile kwa 15040, nambari ya kuripoti matapeli, na nambari isiyoripotiwa asubuhi huendelea kuwaandikia watu wa Maneromango, humo humo Kisarawe, jioni.