Mexico 1968: Pumzi Haina Kabila

Nikiwa fom tu tulitolewa Merti tukapelekwa kukimbia Timau, kule kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Tulifika jioni, asubuhi tukaingia uwanjani. Mita 1,500. Kufika mzunguko wa tatu kifua kinawaka, miguu mizito kama mawe, kichwa kinagonga. Nikamaliza wa mwisho. Mwalimu mmoja akacheka: "Nyinyi watu wa ngamia hamna mapafu. Mbio ni damu."

Hiyo kitu niliiamini miaka. Siku hizi siiamini, na sababu ni Olimpiki za Mexico City, Oktoba 1968.

Mji ule uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Oksijeni hewani ni ile ile asilimia 21, ila hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hivyo kila pumzi inakuletea karibu robo pungufu ya ile ungepata Mombasa. Ron Clarke wa Australia alifika pale akiwa na rekodi ya dunia ya mita 10,000, dakika 27:39.4. Alimaliza wa sita, akaanguka, akawekewa oksijeni. Naftali Temu wetu alishinda kwa 29:27.4, dhahabu ya kwanza ya Kenya kwenye Olimpiki. Kisha Kipchoge Keino, akiwa mgonjwa wa nyongo, akamwacha Jim Ryun wa Marekani karibu sekunde 3 kwenye mita 1,500.

Hizo tunazijua, tunaimbiwa tangu shule ya msingi. Lakini kuna mbio moja hatupendi kuisimulia. Mita 5,000, Keino alikuwa wa pili. Aliyempiga, kwa sekunde 0.2 tu, ni Mohammed Gammoudi wa Tunisia. Sasa skiza: mlima mrefu kuliko yote Tunisia, Jebel Chambi, una mita 1,544. Yaani kilele cha nchi yao kiko chini kuliko uwanja aliokimbilia. Ni kweli Keino alikuwa anaumwa na alikuwa amechoka. Lakini Temu, mtu wa Kisii, milimani kabisa, naye alikuwa nyuma ya huyo Mtunisia.

Inawezekanaje? Mwili hujifunza. Ukipanda juu, vihisio vidogo shingoni vinaonja damu, vikikuta oksijeni imepungua vinaambia ubongo, nao unakuamuru upumue haraka. Ubongo una haki ya kuogopa: ni kama asilimia 2 ya uzito wako lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni. Ndiyo maana kichwa huuma kwanza, na ndiyo maana miguu hulegea hata kabla misuli haijaisha nguvu. Ubongo unajilinda.

Ndani ya saa chache figo zinaanza kumwaga homoni inayoamuru uboho utengeneze chembe nyekundu zaidi. Hizo huchukua wiki kadhaa kuongezeka vizuri. Misuli nayo, ukiendelea na mazoezi, inajifunza kutumia kidogo inachopata. Wanasayansi watatu, Kaelin, Ratcliffe na Semenza, walipewa Nobel mwaka 2019 kwa kueleza jinsi seli zinavyojua oksijeni imepungua. Na huo mtambo uko kwa kila binadamu: Mnandi, Mborana, Mtunisia.

Sitadanganya, kuzaliwa na kukulia juu kunasaidia. Mapafu ya mtoto wa milimani hukua tofauti, na Iten, iliyo mita 2,400 hivi, haikupata jina bure. Lakini hiyo ni faida ya mahali, na mahali panaendeka. Kutoka Isiolo hadi Timau ni safari ya matatu, si ya ndege.

Sisi tulipewa usiku mmoja kuzoea kitu kinachotaka wiki tatu, halafu tukaambiwa shida ni damu yetu. Na neno "damu" ni rahisi sana kwa wakubwa: hakuna haja ya kukodi kambi, kununua viatu, ama kumleta kocha mpaka Merti.

Sijui kama ningeshinda siku ile. Pengine ningekuwa wa tano. Lakini kuna mtoto hapa Merti saa hii anakimbia kwenye mchanga kando ya Ewaso Nyiro, na huo mto maji yake yanatoka kule kule mlimani. Msimwambie hana mapafu. Mpeeni wiki tatu kule juu kwanza.