Sakafu za mbao tofauti vyumba vinapopakana: tatizo liko mlangoni

Mama yangu ana miaka 76 na hutembea kwa bakora. Usiku mmoja wa mwezi wa Mei, masika imeshika, alikuwa akitoka chumbani kwake kwenda ukumbini, katika ghorofa ya kwanza ya nyumba yetu Mji wa Kale, Mombasa. Kidole cha mguu kikajikwaa kwenye ubao uliokuwa umeinuka pale mlangoni, akaanguka kwa goti. Alhamdulillahi hakuvunjika. Maneno yake ndiyo yaliyonichoma: “Mlango huu naupita tangu nilipoolewa, leo umenikataa.”

Ubao ule tuliuweka sisi. Mchwa walikuwa wamekula sakafu ya ukumbi, chumba cha Mama kikasalimika. Kaka alitaka vigae nyumba nzima. Mimi nilikataa, kwa sababu vigae huhitaji kitanda cha saruji, na uzito huo juu ya maboriti ya miaka mingi si wa kuujaribu. Tukakubaliana: chumbani ubaki mvule wa zamani, ukumbini iwe mahogani mpya. Tangu Mama aanguke majirani wameniuliza tulikosea wapi, basi naeleza hapa mara moja.

Ijulikane kwanza kwamba nyumba zetu nyingi za mawe hazikuwa na sakafu ya mbao kabisa. Juu ya boriti za mikoko zilipangwa mawe ya matumbawe, kisha chokaa ikapigwa hadi ikashikana. Sakafu za mbao utazikuta zaidi katika ghorofa na roshani za nyumba zilizojengwa baadaye. Kama yako ni ya namna hiyo na imo ndani ya eneo la uhifadhi, zungumza na watu wa uhifadhi walio chini ya Makumbusho ya Taifa kabla ya kung’oa hata msumari.

Watu huanza na rangi, nami nilianza hapo hapo. Nilizunguka nikitafuta ubao unaofanana na mvule wetu, na hilo ni kosa. Mvule mpya ukikatwa una rangi ya manjano, kisha hukolea kuwa hudhurungi kadiri unavyopata mwanga na miaka. Ukiulinganisha leo, mwakani hautafanana. Rangi mbili zinazokaribiana bila kufanana huonekana kama kiraka. Afadhali tofauti iwe wazi: mvule wa hudhurungi chumbani, mahogani nyekundu ukumbini, kila mtu aone kuwa imekusudiwa. Kinachounganisha vyumba ni mng’ao. Chumba kimoja kikipakwa mafuta na cha pili vanishi inayometa, hata mbao za mti mmoja zitaonekana za nyumba mbili. Paka kitu kimoja kote, na ujaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki. Anayepiga msasa mvule afunge pua na mdomo, vumbi lake huwasha vibaya.

Sasa mlangoni. Ubao hauvimbi sana kwa urefu wake, huvimba kwa upana. Vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kwa kuwa boriti haziendi mbali, nazo hulala kukingama upana wa chumba. Kwa hiyo mbao hupigiliwa kufuata urefu, sambamba na ukuta wenye mlango. Maana yake ni kwamba sakafu ya ukumbi ikivimba husukuma kuelekea mlangoni, na ya chumbani husukuma kutoka upande wa pili. Fundi wetu alizikutanisha katikati ya mlango, ubao kwa ubao, hata kadi haipiti. Siku ile tulimsifu. Ilikuwa Januari, kaskazi, hewa kavu, na mahogani ilikuwa imeshuka kutoka bara wiki hiyo hiyo. Masika yalipofika ilikunywa unyevu, ikakosa pa kwenda, ikainuka.

Fundi mzee tuliyemwita baadaye hakugusa chochote kwa muda. Alikaa chini akapima unene wa ukuta kwa mkono, dhiraa moja kasoro. Akasema hapa pana sakafu tatu, si mbili: ya chumba, ya ukumbi, na ya ndani ya ukuta. Aling’oa mbao za mwisho kila upande, akaacha nafasi ya nusu inchi, kisha akajaza mlango kwa kizingiti kipana cha mvule, mti ule ule wa fremu. Kingo za kizingiti zinafunika zile nafasi, nazo amezipiga randa zikawa na mteremko mdogo. Kimeshikwa kwa skrubu za shaba kwenye mbao zilizofungwa ukutani, wala hakikushikwa na sakafu yoyote kati ya zile mbili. Sakafu zikivimba huingia chini yake kimyakimya. Chuma cha kawaida kwa hewa yetu ya chumvi kingelika upesi.

Unene pia ulikuwa na lawama zake. Mbao za kale zilikuwa inchi nzima, mpya zilitoka kwenye mashine zikiwa robo tatu. Tofauti hiyo huzibwa kwa plaiwudi chini ya sakafu nyembamba, chumba kizima, si mlangoni tu. Kizingiti kirefu cha kale hakimwangushi mtu, maana kila mwenye nyumba anakijua na huinua mguu. Kinachoangusha ni robo inchi isiyoonekana.

Kwa anayeanza sasa: mbao zikae ndani ya chumba chenyewe wiki mbili au zaidi kabla ya kupigiliwa, zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti hewa ipite. Ukizipigilia wakati wa kaskazi, acha nafasi kubwa zaidi kando ya kuta. Na dada zangu, tuache kupiga deki kwa ndoo ya maji. Kitambaa kilichokamuliwa chatosha.

Mama sasa hupita bila kutazama chini. Kaka bado anataja vigae.