Jina la mwenye kutunga na kazi ya kamera

Mtu akisema teatre hapa kwetu, watu wanauliza: ni ya nani? Akisema filme, wanauliza: nani anacheza mule? Maulizo haya mawili yana historia.

Tuanze na mzee Albert Mongita (1916-1985). Léopoldville walimjua kwa teatre, kama vile Mangengenge ya mwaka 1956. Lakini tangu 1951 alikuwa amekwisha kutengeneza filme fupi, La Leçon de cinéma. Sababu gani teatre ndiyo ilimpa jina zaidi? Teatre inaomba kiwanja, watu na sauti. Filme iliomba kamera, kanda, moto wa umeme na mahali pa kuisafisha, na vyombo hivyo vilikuwa mikononi mwa Leta na mapadri. Ufundi alikuwa nao, vyombo hapana.

Tuje Lubumbashi. Kundi la Mufwankolo, ni kusema la mzee Kyembe Kaswili, lilicheza kwa Kiswahili chetu cha mji, bila kuandika maneno. Walikaa, wakapatana juu ya habari, wakagawanya sehemu, kiisha kila mchezaji akatafuta maneno yake mwenyewe. Mwaka 1986 mtafiti Johannes Fabian aliwauliza maana ya methali « le pouvoir se mange entier », mamlaka inakulwa nzima. Wao wakaifanya teatre. Televisheni ikaenda kuifilme kwenye kijiji cha Kawama.

Pale njo mambo yanageuka. Kwenye teatre wachezaji wanasemea pamoja, watu wanacheka, neno kali linapita katikati ya kicheko na kwenda zake. Kamera inafuata mmoja mmoja, mikro haipendi makelele, na neno lililokamatwa linabaki: wakubwa wanaweza kulisikia mara ya pili. Wakati wa chama kimoja, kusemea mamlaka mbele ya televisheni ya Leta haukuwa mchezo.

Mwaka 1987 ikatoka La Vie est belle. Walioiongoza ni Ngangura Mweze, mwana wa Bukavu, na Benoît Lamy wa Ubelgiji. Lakini wengi wanaiita tu « filme ya Papa Wemba ». Sura imekula jina la mwenye kutunga.

Basi kila upande una hasara yake. Teatre inalinda jina lakini inapoteza maneno; filme inalinda maneno lakini inaficha jina. Mchezo wa 1986 tunaweza kuusoma leo sababu Fabian alikamata sauti, akaiandika, akaitoa katika kitabu mwaka 1990. Michezo mingine mingi ya wazee wetu haikupata bahati ile.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako kuna mzee aliyecheza teatre, usingoje kamera. Chukua kaye na bic, umuulize: mlisema nini, na nani alitunga?