Sindano na katriji ya pleya ya zamani: Jinsi ya kuchagua bila kuharibu santuri zako

Pleya ya santuri ya miaka ya 1970 au 1980 inaweza kupiga fresh kabisa hadi leo. Mota inazunguka, mkono unatembea, unabadilisha mkanda tu na maisha yanaendelea. Ila kuna kitu kimoja ambacho hakiwezi kuwa kizima kama hakijawahi kubadilishwa: sindano.

Na hapo ndipo hasara inapoanzia. Sindano iliyoisha haitoi sauti mbaya tu, inachonga kuta za mfereji wa santuri. Mfereji ukishachongwa ndiyo basi tena, hakuna fundi wa kuurudisha. Nyimbo nyingi za bendi za Kenya, Tanzania na Kongo za miaka ya 1960 na 1970 zilitoka kwenye santuri ndogo za spidi 45, na si zote zilizotolewa upya. Nakala ya mzee wako huenda hutaipata tena sokoni.

Kabla hujatoa hela, soma haya.

Sindano na katriji si kitu kimoja

Sindano ni ncha ndogo ya almasi (au ya yakuti kwa zile za bei ya chini) iliyobandikwa kwenye kijiti chembamba. Kijiti hicho kimeshikwa na mpira mdogo unaokiruhusu kutikisika.

Katriji ni kile kichwa kizima kinachobeba sindano. Kazi yake ni kugeuza mtikisiko kuwa umeme, ambao unakwenda kwenye amplifaya.

Kwenye katriji nyingi, sindano inachomolewa kwa vidole na kuwekwa nyingine. Kwa hiyo si lazima ubadilishe vyote.

Jua una aina gani

Kuna aina 3 utakazokutana nazo:

*Ya kauri.* Ndiyo iliyokuwa kwenye pleya nyingi za bei nafuu na zile za sanduku. Inatoa umeme mwingi, lakini inakandamiza santuri kwa uzito mkubwa, mara nyingi gramu 4 au zaidi. Ukiona sindano inayogeuzwa upande wa LP na upande wa 78, karibu hakika ni hii.

*Ya sumaku inayotikisika.* Inatoa umeme kidogo, kama milivolti 3 hadi 5, na uzito wake ni kati ya gramu 1 na 3. Ndiyo inayowafaa watu wengi, maana sindano inabadilishwa kirahisi.

*Ya koili inayotikisika.* Umeme wake ni mdogo zaidi. Denon DL-103, iliyotengenezwa miaka ya 1960 kwa ajili ya shirika la utangazaji la Japani, NHK, inatoa milivolti 0.3 tu. Nyingi za aina hii huwezi kuchomoa sindano mwenyewe, na zinahitaji kikuza sauti chake maalumu. Kwa anayeanza, achana nayo kwanza.

Ubadilishe sindano tu, au katriji nzima?

Anza na jina. Tazama mbele au juu ya katriji, utakuta chapa na namba. Piga picha kwa simu, ivute karibu, usome.

Kama ni ya sumaku na sindano yake bado inatengenezwa, nunua sindano tu. Shure ya Marekani, kwa mfano, iliacha biashara ya katriji mwaka 2018, lakini kampuni nyingine kama Jico ya Japani zinatengeneza sindano zinazoingia kwenye katriji zake za zamani.

Angalizo: usikimbilie sindano iliyokaa kwenye boksi tangu miaka ya 1970 eti kwa sababu ni "original". Almasi haiozi, lakini ule mpira unaoshika kijiti huweza kukauka na kuwa mgumu hata kama haijawahi kutumika. Kijiti kisipocheza, sindano inaruka na kukwaruza.

Kama katriji ni ya kauri, tulia kidogo. Ukitaka kuweka ya sumaku, mkono wa pleya lazima uweze kurekebishwa hadi uzito mdogo, gramu 2 hivi. Mikono mingi ya plastiki haiwezi. Pia utahitaji amplifaya yenye tundu lililoandikwa PHONO, au kikuza sauti kidogo cha kuweka katikati. Ukikosa hivyo viwili, ni afadhali kutafuta pleya nyingine kuliko kulazimisha.

Itaingia kwenye mkono wako?

Pleya nyingi hutumia skrubu 2 zilizoachana milimita 12.7. Hizi zina uhuru mkubwa: katriji ya kampuni yoyote inaingia.

Baadhi ya pleya za miaka ya 1980 zina mfumo wa kuchomeka, unaoitwa P-mount au T4P. Hapo katriji inaingia kama plagi, inafungwa kwa skrubu 1 ya pembeni, na uzito umepangwa kuwa gramu 1.25. Ukinunua ya skrubu 2 haitaingia. Hakikisha kabla hujalipa.

Jambo la pili ni uzito wa mkono. Mkono mzito unataka katriji yenye kijiti kigumu, na mkono mwepesi unataka kijiti laini. Ukikosea, mkono unayumba na besi inavurugika. Mkono wa kati, kama wa Technics SL-1200MK2 wenye gramu 12, unaelewana na katriji nyingi za sumaku.

Umbo la ncha: hapa ndipo bei inapopanda

*Mviringo.* Rahisi, haisumbui kufunga, na inavumilia santuri chakavu. Nzuri kwa santuri za 45 zilizopigwa sana.

*Yai.* Nyembamba kidogo, inasoma vizuri zaidi sauti za juu na nyimbo zilizo karibu na katikati ya santuri. Kwa wengi, hii inatosha kabisa.

*Shibata na nyembamba nyingine.* Shibata ilibuniwa Japani miaka ya 1970 kwa ajili ya santuri za sauti ya njia 4. Inasoma vitu vingi mno, ila inataka ifungwe kwa usahihi. Ikikaa vibaya, pesa yako imepotea.

Njia ya akili ni kununua katriji ambayo unaweza kupandisha daraja baadaye kwa kubadilisha sindano tu. Familia ya Audio-Technica VM95 iko hivyo: unaanza na ya mviringo au ya yai, kesho unachomeka Shibata kwenye mwili uleule. Ortofon 2M Red nayo inapokea sindano ya 2M Blue.

Una santuri za spidi 78? Simama hapo

Santuri za zamani zile nzito zinazovunjika, kama alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928, zina mfereji mpana. Zinahitaji sindano ya kama maikroni 76. Sindano ya LP ni ya maikroni 18 tu.

Ukiweka ya LP kwenye 78, inatumbukia chini kabisa na kusoma vumbi na mikwaruzo. Ukiweka ya 78 kwenye LP, unaharibu LP. Ndiyo maana VM95 ina sindano ya 78 inayouzwa peke yake.

Kufunga: hatua kwa hatua

1. Zima amplifaya. Vuta nyaya ndogo kwa kibano, taratibu. Nyeupe na bluu ni kushoto, nyekundu na kijani ni kulia. Usichomelee risasi kwenye pini za katriji, joto linaiua.

2. Funga skrubu bila kukaza sana. Chapisha karatasi ya kupimia pembe inayolingana na pleya yako, weka sindano kwenye alama, nyoosha katriji, ndipo ukaze.

3. Sawazisha mkono hadi uelee wenyewe, halafu weka uzito uliotajwa na mtengenezaji. 2M Red ni gramu 1.8, VM95E ni gramu 2. Mzani mdogo wa kidijitali unasaidia sana.

4. Weka kidhibiti cha mkono kuvutwa ndani kwenye namba sawa na uzito huo.

Na msidanganyike kwamba uzito mdogo ndio unaotunza santuri. Sindano nyepesi kupita kiasi inarukaruka ndani ya mfereji, na kila inapotua inagonga ukuta. Kaa ndani ya kiwango kilichoandikwa. Ukiwa na shaka, elekea juu kidogo.

Utajuaje imeisha?

Sikiliza herufi "s" na "sh" kwenye wimbo wa mwisho wa upande. Zikianza kuchanikachanika hata kwa santuri safi na mpya, sindano ni mshukiwa wa kwanza.

Almasi nyingi hukadiriwa kudumu saa 500 hadi 1,000. LP moja ni kama dakika 40, kwa hiyo saa 500 ni LP 750 hivi. Ukipiga moja kila siku, ni kama miaka 2. Ya yakuti huisha mapema zaidi, ndani ya makumi ya saa tu.

Pleya uliyonunua mtumba na hujui historia yake? Ichukulie sindano kama imeisha. Usiijaribie kwa santuri unayoipenda.

Hela ikiwa kidogo, anza wapi?

Fuata mpangilio huu: safisha santuri, panga uzito na pembe, nunua sindano mpya ya katriji uliyonayo, kisha ndiyo ufikirie katriji mpya. Kikuza sauti cha bei mbaya kije mwisho.

Sindano ipigwe brashi kavu kila baada ya santuri chache, kutoka nyuma kuja mbele tu. Ukipiga pembeni au kurudi nyuma, unakunja kijiti, na hapo unarudi dukani mapema kuliko ulivyopanga.