Babu Kakwanguliwa

Babu mmoja jirani yetu hapa Mshangano alirudi kutoka hospitali na mpira wa mkojo, na kabla jua halijazama mtaa mzima ulishajua: "Babu katolewa tezi dume." Nilipokwenda kumpa pole, hata shikamoo haijaisha, akanirekebisha. "Hawajaitoa, mjukuu wangu. Wameikwangua."

Babu ametupita kwa istilahi.

Tezi dume ni kiungo anachozaliwa nacho kila mwanamume. Iko chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo, na kwa kijana ina gramu 20 hivi. Kwa hiyo "fulani ana tezi dume" ni kama kusema ana ini. Kinachowasumbua wazee ni kukua kwake, kukua kusiko kwa saratani: mrija unabanwa, mkojo unakatakata, usiku mtu anaamka mara nne, tano.

Wagiriki waliipa jina kwa mahali ilipo: yenye kusimama mbele. (Mabaharia wetu nao wana tezi yao, ila hiyo ni nyuma ya chombo.) Sisi tumetazama jinsia, na hapo naona kasoro. Paka dume ana jike lake; tezi dume haina tezi jike. "Tezi ya kiume" ingekaa vizuri zaidi, lakini dume limeshazoeleka, na limekuja na hofu yake: wazee hukimbia kisu wakidhani udume ndio unaokatwa. Kinachobadilika mara nyingi ni manii kurudi kibofuni badala ya kutoka nje.

Katika kukwangua, tumbo halichanwi. Kifaa chembamba hupitishwa njia ya mkojo, na kitanzi cha waya chenye umeme huchonga nyama ya ndani vipande vipande. Ni kama ukoko wa ugali: unakwangua, sufuria inabaki. Hata katika ule upasuaji wa kufungua tumbo, aliouvumisha daktari Peter Freyer huko London kuanzia 1900, kidole cha daktari hubandua nyama ya ndani kama chungwa, ganda likabaki mwilini. Kutoa tezi nzima ni tiba ya saratani.

Aliyekwanguliwa, basi, tezi bado anayo. Inaweza kukua tena, inaweza hata kupata saratani, na vipimo anavihitaji. Aliyeambiwa "imetolewa" atarudi kupima nini?

Nilimweleza haya mama muuza vitumbua wa pale kona, akaitikia vizuri kabisa. Jioni nikasikia habari mpya: babu kakwanguliwa kibofu.